Maua Niliyochuma Bila Kutumwa

Nilichuma maua ya mashina saba ya saga, mboga ambayo wengine huiita mgagani, ambayo mama yangu alikuwa ameyafunga vitambaa vyekundu. Niliyachuma kwa bidii, asubuhi na jioni, wiki nne mfululizo, huku nikipiga mluzi. Nimeanza na hilo kwa sababu mtalisikia kwa wengine hata nikinyamaza. Huku kwetu Itumbe, habari ya ng'ombe kuibwa huchukua siku mbili kufika Ogembo. Yangu ilifika kabla yangu.

Ninyi wa gredi ya saba mliopewa kipande cha shamba nyuma ya vyoo vya shule mkaambiwa mpande mboga, nawaandikia kama mtu aliyestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na nimelima mboga misimu minne. Kuna watu wamestaafu baada ya kufanya kazi kidogo kuliko hiyo na wanalipwa pensheni. Pensheni yangu mimi ni mgongo unaoniuma nikiinama kufunga kamba za viatu.

Kwetu chai ni ya baba na saga ni ya mama. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini ukitaka kuhakikisha, jaribu kupitisha ng'ombe kwenye saga. Chai hulipa mara moja kwa mwezi na hupitia kwa baba. Saga hulipa kila siku ya soko Ogembo, na ndiyo iliyoninunulia kila sare niliyowahi kuirarua. Kuna wanawake ambao mtu akijifungua nyumbani kwao hawanunui saga ya mwingine. Watamsubiri mama hata akichelewa, wasimame pale na vikapu vyao kama wanaosubiri daktari. Wanasema saga yake ina majani mapana na haikimbilii maua. Hilo la kutokimbilia maua nimelisikia maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Ninyi likumbukeni. Mimi sikulikumbuka.

Kazini niliingia kwa sababu ya mdomo. Tulikuwa tumefundishwa darasani kupanda kwa mistari, nami nikamkuta mama akirusha mbegu huku na huku, nikamwambia anapanda kama mtu anayelisha kuku. Alinyoosha mgongo, akanitazama, akanipa jembe. "Basi lima," akasema. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna mahojiano.

Msimu wa kwanza nilimwaga kinyesi cha kuku kikiwa moto moto kutoka bandani, nikiamini kwamba mmea hula kama mimi, chakula kikiwa bado kinatoa mvuke. Baada ya siku tatu miche ilikuwa kama imepigwa pasi. Sikilizeni: mbolea iliyoiva hainuki kinyesi, na ukitia mkono katikati ya lundo husikii joto. Kama unaogopa kutia mkono, basi huwezi kujua kama imeiva, na pengine kazi hii si yako.

Kisha nikang'oa miche ya saga mahali iliposongamana na kuihamishia mahali peupe, kama mtu anavyohamisha sukuma wiki. Saga ina mzizi mmoja unaoshuka chini wima kama msumari. Ukishaung'oa, umeua. Jioni miche yote ilikuwa imelala chini. Mama alipita na ndoo ya maji, akaniuliza kama nimeitandikia kitanda au italala hivyo hivyo.

Lakini msimu wa pili, jamani, mambo yalikubali. Nilichora mistari, futi moja kutoka mstari hadi mstari. Mbegu ya saga ni ndogo kama baruti, kwa hiyo niliichanganya na mchanga mkavu ili isimwagike pamoja, nikaifunika kwa udongo kidogo tu, ule wa kupuliza. Ilipofika urefu wa kidole nikaipunguza, na niliyong'oa sikuitupa. Hiyo ndiyo laini kuliko zote, tukaifunga mafungu na ikawa ya kwanza kuuzwa. Shamba nikaligawa vipande vitatu, nikapanda kimoja, nikasubiri wiki mbili, nikapanda kingine, ili tusije tukavuna yote siku ile ile ambayo Ogembo nzima imevuna na watu wanakupa bei ya huruma. Na kila chipukizi la maua lilipojitokeza juu, nililikata. Saga ukiikata ua hutoa matawi pembeni, na majani yanaongezeka badala ya mmea kuzeeka.

Nilishtuka kuona inafanya kazi. Ndiyo, mimi mwenyewe niliyekuwa nikihubiri. Nilisimama pale kama mtu aliyeombea mvua kwa mzaha na sasa analowa. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni na gunia tupu kabla ya saa sita mchana, akaniletea mandazi mawili. Kwa mama yangu, mandazi mawili ni nishani.

Ni hayo mandazi yaliyoniharibu.

Mama hana mbegu za dukani. Ana mkebe mmoja unaokaa juu ya meko, mahali moshi unapopita ili wadudu wasiingie, na kila msimu jirani akija na kikombe anachotewa humo anaenda zake. Hauzi. Mimi nikaona huko ni kufuga washindani. Sasa mama Nyaboke, jirani yetu wa upande wa mto, alipokuja na kikombe chake cha bati, mama akiwa ameenda kuchuma chai, nikamwambia mbegu zimeisha. Nilimwambia hivyo nikiwa nimesimama mlangoni kwa upana wangu wote, na mkebe uko nyuma yangu umejaa. Alinitazama, akatazama kikombe, akasema haya, akaenda. Nami nilijiona mfanyabiashara mkubwa.

Wiki ile ile nililipanua shamba hadi karibu na mto na kupanda mkebe mzima. Mama aliniuliza kama nimebakisha. Nikamwambia si tutavuna nyingine. Alitikisa kichwa tu, kwa sababu alikuwa na mpango wake, na mpango huo ulikuwa yale mashina saba.

Mashina yenyewe hayakuwa pamoja. Moja lilikuwa huku, jingine kule, na kila moja limefungwa kitambaa chekundu cha leso kuukuu shingoni. Nilidhani ni vya kufukuzia ndege. Sikuuliza. Meneja haulizi. Niliona tu kwamba mashina hayo yalikuwa na nguvu kuliko mengine, mapana, meusi kwa ukijani, na kwamba wenzao wote walishaanza kutaka maua ilhali yenyewe yamenyamaza. Yalipoanza hatimaye, nilifurahi kama askari aliyemwona mwizi. Nikakata. Yakatoa tena, nikakata tena. Sisi ni Wasabato, Jumamosi hatuingii shambani, na maua yale nadhani yaliijua kalenda, maana yalikuwa yanatoka siku hiyo. Jumapili alfajiri nilikuwa nayo.

Mama hakuona. Mvua ilikuwa imeshibisha chai na alikuwa akichuma kuanzia giza la asubuhi. Jioni alifika kufunga mafungu tu. Kutoka pale juu aliyaona mashina yake saba yamesimama mabichi, akaridhika.

Kisha msimu ukaisha. Saga ikazeeka, ikawa manjano, ikaanza kukauka. Asubuhi moja mama aliteremka shambani na mkebe mtupu kwapani, akaenda kwenye kitambaa cha kwanza. Nilikuwa ninakata nyasi ya ng'ombe. Nilimwona akishika shina, akiligeuza. Akaenda la pili. Alipofika la nne alikuwa anatembea haraka. La saba alilishika kwa mikono miwili.

Mbegu ya saga hukaa kwenye viganda virefu vyembamba, na viganda hutoka kwenye ua. Hilo nalijua. Nililijua hata siku ile. Lakini kuna kujua kwa mtihani na kuna kujua kwa kumwona mama yako amesimama kwenye shamba kavu na mkebe mtupu, na mimi hiyo ya pili niliipata asubuhi ile.

Nilingoja kelele. Mama yangu si mtu wa kimya. Akigombana na kuku, watu wa ng'ambo ya mto wanajua kuku gani. Lakini aliketi tu juu ya ukingo wa shamba, akaniuliza ni nani aliyachuma maua. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama nilitumwa. Nikasema hapana, nilikuwa ninasaidia majani yaongezeke. Hapo akaupindua mkebe, akaupigapiga chini, na ikatoka mbegu moja. Sitanii. Moja. Akalamba kidole, akaiokota, akairudisha mkebeni na kufunika.

"Zile zinazochelewa maua," akaniambia, polepole, kama anamweleza mgeni njia, "ndizo unaziacha. Kila mwaka. Mama yangu aliacha zinazochelewa, mimi nikaacha zinazochelewa. Ndiyo maana saga yetu haina haraka."

Miaka yote hiyo. Mimi nilikuwa ninakimbizana na maua kwa kucha, na yeye na bibi yangu walikuwa wameyachelewesha kutoka ndani ya mbegu yenyewe, bila daftari, kwa vipande vya leso. Jumatatu nilimweleza mwalimu wetu wa kilimo. Aliweka chaki mezani. Akaniambia huko ndiko kuchagua mbegu, na akafungua kitabu kile kile nilichokuwa ninamtambia mama, akanionyesha. Lilikuwa kwenye ukurasa unaofuata ule wa kukata maua. Sikuwa nimefunua.

Nilifikiri nitanunua pakiti dukani, mambo yaishe. Jioni nilipita kwa mama Nyaboke, na kule chini ya migomba nikaona saga yake ya msimu ule. Kwa kuwa mimi nilimnyima, alikuwa amepanda ya pakiti, tena kwa kuchelewa. Ilikuwa haijafika gotini na imejaa maua meupe shamba zima, kama mahali pa harusi. Mbegu haikuwa mbovu, iliota vizuri. Ilikuwa tu na haraka zake. Nikaona kesho yetu imesimama pale, na wale wanawake wa vikapu wakimpita mama bila kusalimu.

Nikaingia kwake. Alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Nilimwamkia, nikasema nimekuja kuomba mbegu ya saga, ile ya kwetu, kama alibakisha kutoka miaka ya nyuma.

"Si zimeisha?" akasema bila kuinua kichwa.

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Ni wewe uliniambia. Nikasema mtoto huyu amesoma, hawezi kudanganya mtu mzima na kikombe mkononi."

Ikabidi niseme yote: mkebe uliokuwa nyuma yangu, vitambaa, maua, Jumapili alfajiri. Nilidhani atanifukuza na fimbo ya ng'ombe. Alicheka hadi ungo ukamponyoka na maharagwe yakaingia kwenye majani, nami nikayaokota yote, moja moja, huku akiendelea kucheka juu ya kichwa changu. Akafuta macho, akaniambia za kwetu alizokuwa nazo alizipanda zote mwaka juzi, ndiyo maana alikuja na kikombe. Akaniambia mtu pekee anayeweza kuwa nazo ni mama mkubwa, dada ya mama, aliyebaki Ekerenyo karibu na kwao. Nikauliza basi kwa nini mama hajaenda, na mvua iko wiki tatu tu mbele.

Hapo hakucheka. Aliniambia kwamba bibi alipokuwa mgonjwa, gudulia la mbegu hakumpa binti mkubwa, alimpa mama. Na dada hakuwahi kusahau. "Sasa mama yako aende aseme nini? Kwamba imeishia kwake? Nenda wewe. Aibu ni yako, ibebe."

Jumapili iliyofuata niliibeba kwa matatu hadi Ekerenyo. Sikumwambia mama, nilisema ninaenda kwa rafiki kusoma. Mama mkubwa ni mwanamke mrefu ambaye hukusikiliza akiwa amefumba jicho moja. Nilimpa habari yangu, naye akawaita binamu zangu watatu kutoka jikoni, akaniambia anza upya, hawa hawakusikia. Nikaanza upya. Nilipofika kwenye kupiga mluzi, mdogo wao alianguka chini.

Kisha mama mkubwa aliingia ndani na kukaa huko muda mrefu sana. Nilisikia kitu kinashushwa, kitu kinafunguliwa. Wakati huo ndio niliogopa kweli, kuliko siku ya ukingoni. Kama na yeye alikuwa amezipoteza, basi saga ya bibi ilikuwa imemalizwa na mimi, mtu mmoja, kwa vidole viwili.

Alitoka na kibuyu kidogo cheusi kwa moshi. Akanitilia kiganja kimoja kwenye kitambaa, akafunga fundo. Nikaangalia kibuyu kingine mkononi mwake, kikubwa, nikauliza hizo je. Akaniambia hizo ni za juzi juzi, bado zinalala. Mbegu mbichi ya saga ukiipanda haioti hadi ikae miezi mingi, na mjinga huona kimya akadhani imekufa. Alinipa za mwaka jana. Akaniambia nisirushe hata moja, nipande kwa mstari kama nilivyojifunza, maana hilo la mstari alisema si baya, na nifunge vitambaa mwenyewe.

Nilikuwa ninaaga aliponishika bega. "Umwambie mama yako," akasema, "kuku wanamsalimu."

Sikuelewa. Binamu wakanifafanulia, wakipokezana kwa sababu ya kicheko. Mama yangu, akiwa msichana kama wa gredi yenu, aliambiwa aanike mbegu ya saga juani na ailinde. Akaenda kuruka kamba. Kuku wakaila yote. Bibi akampa kikombe na kumtuma aende akaombe nyumba kwa nyumba, na kila nyumba aliyoiingia waliwahi kupewa mbegu na bibi. Alirudi na kikombe kimejaa kabla ya chakula cha mchana.

Niwaambie ukweli, sijawahi kushtuka kwa furaha namna ile. Mama yangu mjinga kama mimi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa ninapanga jinsi nitakavyomsalimia hao kuku.

Nilimkuta jikoni. Nikaweka fundo mezani, nikasema mama mkubwa anamsalimu. Alilifungua. Hakuuliza nililitoa wapi. Alinusa, akachukua mbegu chache akazisugua katikati ya vidole karibu na moto ili azione vizuri, akakaa akiziangalia kwa muda ambao ningeweza kula sahani nzima ya ugali. Uso wake ulifanya kitu, nami nikaangalia pembeni. Kisha nikasema, "Na kuku pia wanakusalimu."

Hakucheka, ila pua yake ilicheka. Akashusha mkebe, akamimina humo nusu ya mbegu, juu ya ile moja iliyokuwa inalala peke yake. Nusu nyingine akaimimina kwenye kikombe, akakisukuma kwangu na kuniambia nimpelekee mama Nyaboke kabla hajafunga mlango.

Nilidhani ni mzaha. Nusu. Nimetoka Ekerenyo, nimedhalilishwa mbele ya binamu watatu, nimemaliza nauli ya mwezi, kiganja chenyewe ni kimoja, na mvua hii hapa. Nikamwambia mama, hizi ndizo pekee tulizo nazo. Nikamwambia tupande zote kwanza, tutampa mwakani.

Aliinuka, akaweka mkebe juu ya meko mahali pake, akanigeukia. Alichosema nitawaandikia kama alivyokisema, bila kuongeza:

"Siku utakapokuwa mjinga tena, nataka uende kuomba mbegu kwa miguu."